Homa ya Mara Tano na Ulimi wa Mgeni

Ukiwa umelala chini na homa imekuachia juzi, na watu wa nyumbani wanapita wakisema umepona, nakuomba usiinuke bado kwenda kutwanga. Mimi niliinuka. Niliinuka mara nne, na mara nne nilirudishwa kwenye ngozi ya kulalia. Naandika haya kwa ajili yako wewe ambaye bado uko huko, maana mimi nimeshatoka, ingawa jicho langu la kushoto halifungi vizuri hadi leo na nikicheka mdomo unakwenda upande mmoja.

Mimi ni mzaliwa wa Miyuji, nikaolewa upande wa Mpwapwa, kwenye njia ya kwenda Kibakwe. Mume wangu, Malogo, miaka ile alikuwa kwenye kazi ya Wadachi, kukata miti na kuchimba njia ya reli. Alikuwa akija siku mbili tatu, kisha haonekani mwezi mzima. Kwa hiyo tembeni, nyumba yetu ya paa la udongo, tulikaa wanawake watupu: mimi, binti yangu Seche aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kukimbia, na mama mkwe wangu. Jina la mama mkwe silitaji. Kwetu mkwe halitaji, na hata kwenye karatasi mkono unakataa.

Ili unielewe lazima nikueleze neno moja. Kwa Kigogo Mungu tunamwita Mulungu. Wazee waliokufa, wale ambao Waswahili huwaita mizimu, sisi tunawaita milungu. Ni sauti moja tu imebadilika, mu na mi, mmoja na wengi. Misheni ilipofika ililichukua neno la kwanza ikaliingiza kanisani, na la pili ikalipiga marufuku. Mimi nilikuwa nimekwenda darasa la ubatizo misimu miwili ya mvua, na jina langu lilikuwa kwenye orodha ya watakaobatizwa baada ya mavuno. Nilikuwa nalitaka jambo hilo sana. Silisemi kwa kujisifu. Nilikuwa nimechoka kuogopa kaburi la kila mtu.

Baba mkwe alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Malogo alipoongeza chumba kwenye tembe, mimi nilihamishiwa chumba cha zamani cha marehemu, nikatandika ngozi yangu palepale alipokuwa akilala. Kwa desturi ilipasa pombe imwagwe kaburini kumwarifu mzee kwamba mahali pake pana mtu, na mke wa mwanawe ndiye anayesaga kimea. Mimi nilikataa kusaga. Nilisema mbele ya mama mkwe, kwa mdomo wangu uliokuwa bado umenyooka, kwamba mimi simwagii milungu pombe. Mama mkwe alichukua ungo wa kimea akauweka darini, na pombe haikupikwa.

Homa ilinikuta mwisho wa kiangazi, wakati upepo unabeba vumbi jekundu na kila mtu ana mafua. Nilidhani ni hayo mafua. Mchana ule ule meno yalianza kugongana, kiuno kikauma hata sikuweza kugeuka, na kichwa kikawa kizito nikaona afadhali nikifunge kwa kitambaa. Nilitapika nyongo. Siku ya tatu mkojo ulikuwa mweusi kama maji ya mlenda uliolala, na Seche aliponishika alisema, "Mama moto," akaondoa mkono.

Mama mkwe hakuuliza ni nini. Alijua. "Ni mzee," alisema. "Umelala mahali pake bila hodi. Mimi nilinyamaza nikasema ni kijana, atajifunza." Alinipaka majivu kifuani, akanyunyiza unga na maji mlangoni, akaongea na marehemu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anamwomba apunguze hasira hadi tutakapopata kimea. Sikuwa na nguvu za kumkataza. Siku ya tano nililowa jasho hata ngozi ikawa inanuka, mwili ukapoa, nikaomba uji. Mama mkwe aliniletea uji wa uwele na uso wa mtu aliyeshinda kesi. Nami nililia, si kwa furaha, bali kwa kuwa nilipona kwa njia ambayo sikuitaka.

Siku ya saba baada ya hapo homa ilirudi.

Safari hii nilimtuma mtu kwa Mwalimu Danieli. Huyu alikuwa mwalimu wetu wa misheni, Mgogo mwenzetu, mtu mpole lakini mgumu kwenye jambo moja tu, na jambo lenyewe ndilo hili. Alikuja na wenzangu wawili wa darasa, wakapiga magoti wakaomba. Nikamwuliza, "Mwalimu, ni kweli mzee amenikalia?"

"Hakuna milungu," alisema. "Mtu akifa yuko mikononi mwa Mungu. Hana ruhusa ya kurudi kumtia mkwe wake ugonjwa."

"Mwaka jana ulitufundisha ni pepo wachafu wanaojifanya wazee."

"Hilo nalo ni kweli," alisema.

Nilikuwa na homa, sikuwa mjinga. Kama hawapo, kwa nini nikatazwe kuwaita? Na kama wapo, wawe wazee au pepo, basi mama mkwe wangu amekosea jina tu, mengine yote amepatia. Nilitaka kumwambia hayo lakini ulimi ulikuwa umekauka. Mwalimu aliomba hadi sauti ikakwama, na siku ya nne homa ikatoka. Wenzangu waliimba uani. Mama mkwe alikuwa akipepeta uwele, akaendelea kupepeta.

Siku nane baadaye ilirudi tena, na nilipoisikia ikipanda kutoka miguuni nilikasirika kuliko nilivyoogopa. Wimbo ule ulikuwa bado masikioni mwangu.

Malogo alirudi siku hizo. Aliponiona alisimama mlangoni bila kuingia. Nilikuwa nimekonda, macho ya manjano, nywele zinatoka nikijikuna. Mama yake alimwambia la kwake, nami nikamwambia la kwangu, naye akatutazama sote wawili kwa zamu. Kisha alikwenda kuazima punda, akanipeleka bomani kwa daktari wa Wadachi. Nadhani alichagua boma kwa sababu huko hakuna aliyekuwa mama yake wala mkewe.

Pale bomani tulikaa barazani siku mbili. Watu walipangwa ukutani kwa kufuata kivuli, na kivuli kikihama na wao wanahama, kila mtu na kibuyu chake cha maji. Mbele yangu kulikuwa na mpagazi mwenye kidonda cha mguu kilichonuka hata yeye mwenyewe alikuwa akiomba radhi. Nyuma kulikuwa na mwanamke wa Kibakwe aliyekuwa amebeba mtoto ambaye sikumsikia akilia hata mara moja. Askari alikuwa anaita majina kwa namna ambayo hakuna mtu aliyejitambua, hivyo kila jina liliitikiwa na watu watatu. Yule mwanamke alinipa bega lake nikalilalia mchana mzima. Sikuwahi kumwona tena, na nisingemtambua.

Daktari alinitoboa kidole, akaangalia damu kwenye chuma chake chenye jicho, akasema kitu ambacho mkalimani alikifupisha: "Meza hii." Ilikuwa kwinini, chungu ya kupasua kichwa. Asubuhi hiyo hiyo homa ilikuwa imeshatoka yenyewe tukiwa foleni. Malogo alifurahi sana njia nzima ya kurudi. Akaniacha nyumbani, akarudi relini.

Unaona sasa ugonjwa huu ulivyo. Unakuja, unakaa siku zake, unaondoka ukitaka, na yeyote aliyekuwa karibu siku hiyo anaondoka na sifa. Mara ya kwanza ilikuwa unga, mara ya pili maombi, mara ya tatu kwinini. Kisha ukirudi, lawama zote ni za mgonjwa: hakuamini vya kutosha, hakumeza vya kutosha, hakusaga kimea.

Mara ya nne ilinikuta mvua za kwanza zimenyesha na watu wako shambani. Hapo ndipo mdomo ulipokwenda upande. Niliamka, uji ukawa unamwagika shavuni, Seche akacheka akidhani nafanya mchezo. Mama mkwe aliponiona alirudi nyuma. Alisema sasa mzee amenipiga kofi, kila mtu anaona. Alisema ama nisage kimea, ama yeye anafunga mzigo anakwenda kwa kaka yake, na mtoto anakwenda naye, maana mzee akinimaliza mimi atamshika mtoto. "Wewe kaa na kitabu chako," alisema. Siku mbili hakuingia chumbani kwangu. Aliacha maji kizingitini.

Basi hilo ndilo nililokuwa nalo mkononi. Nikisaga, jina langu linafutwa kwenye orodha. Nisiposaga, mtoto wangu anaondoka, na pengine mimi nafia pale peke yangu huku mbuzi wananichungulia. Nilikuwa nimechoka hata kuamua.

Siku ya tatu alikuja Bibi. Misheni ilikuwa na mama mmoja Mzungu, si Mdachi, wa kwao kwingine, aliyekuwa anafunga vidonda na kufundisha wanawake kushona. Alikuja kwa miguu kwenye tope, sketi imelowa hadi magotini. Mama mkwe alikuwa mlangoni akichambua mboga, mzigo wake umeshafungwa pembeni. Bibi alimsalimia, "Mbukwa," akaingia, akanifuta uso na shavu lile lililolala, hakuogopa. Kisha akapiga magoti kwenye sakafu ya baba mkwe, akaomba kwa Kigogo.

Bibi alikuwa anakijua Kigogo kwa kitabu, na ulimi wake ulikuwa na shida na ile u. Darasani tulikuwa tumezoea, tukifinyana chini ya nguo tusicheke. Lakini siku ile aliomba kwa sauti kubwa na kwa machozi, na kila alipotaka kusema Mulungu alisema milungu. "Enyi milungu wema, mtazameni binti huyu." Neno moja lilipoharibika, naye akafuatisha na mengine yakawa ya wengi. Aliwaomba milungu mara nne au tano, ndani ya chumba cha mzee.

Mama mkwe aliacha kuchambua mboga. Nilimwona kwa lile jicho la kushoto lisilofunga. Aliinua kichwa, akasikiliza hadi mwisho, na Bibi alipotoka alimsindikiza hadi njiani, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu yeyote wa misheni. Aliporudi alifungua ule mzigo. Akachukua kibuyu cha maziwa ya mgando, akaja akakaa kando yangu, akaninywesha kwa kijiko upande wa mdomo uliokuwa bado unafanya kazi.

"Bibi ni mtu mwenye adabu," alisema. "Amewaita wazee wangu vizuri."

Ningeweza kusema, "Mama, amekosea." Ni maneno mawili tu. Sikusema. Nilikunywa maziwa. Nilikuwa na njaa ya maziwa na njaa ya mtu wa kukaa kando yangu, nikaiacha ile mi ikae mahali pa mu. Homa ilitoka siku ya pili yake, na mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba safari hii sifa haina mwenyewe.

Kisha Seche akashikwa.

Hapa ndipo ninapoona aibu, na hapa ndipo wewe uliye mzazi utanielewa. Kwa ajili yangu mwenyewe nilikuwa nimekataa kila kitu. Lakini mtoto alipolala kifuani kwangu anatetemeka, midomo imebabuka, na kwa siku nzima hakuita mtu, sikuwa na darasa, sikuwa na orodha. Mama mkwe alisimama mlangoni. Mimi ndiye niliyemwambia, "Mama, mchukue. Mpeleke kwa babu yake."

Alimfunga mgongoni asubuhi, akachukua unga kwenye kibuyu na maji, akaenda kaburini, ng'ambo ya zizi. Nilibaki nimekaa nikimwona mgongo wake hadi akapinda kwenye ua wa minyaa. Walikaa huko muda mrefu. Siku ya nne mtoto alilowa jasho, akaomba uji. Nami nilijua, kwa kuwa nilikuwa nimeshajifunza, kwamba itarudi. Ilirudi. Kisha ikatoka tena.

Katikati ya hayo alipita Mrangi mmoja wa Kondoa, Muislamu, muuza chumvi, aliyekuwa akishukia kwetu kila mwaka tangu enzi za baba mkwe. Alikataa kuingia ndani. Alitandika mkeka wake uani, mbali na ukuta, akaomba aletewe chakula hapo.

"Mzee wenu alikuwa rafiki yangu," alisema, "lakini chumba chake nilikuwa nakikimbia hata yeye akiwa hai. Sakafu ile ina papasi. Sisi wenye safari za mbali hatulali kwenye tembe la zamani, tunajua. Ukiumwa nao, homa inakuja inakwenda, inakuja inakwenda."

Mama mkwe alisema papasi, hao kupe wa sakafuni, wamekuwepo tangu babu zake na hawajaua mtu. Yule Mrangi alisema aliyezaliwa juu yao amewazoea, lakini mgeni na mtoto hawajawazoea. Alichukua kijiti, akachokonoa ufa wa sakafu pale kichwani kwangu, akamtoa mmoja: bapa, rangi ya vumbi, miguu imekunjwa. Ukimtazama ungesema ni kipande cha udongo.

Tulihama siku hiyo. Tulijenga kitanda cha miti uani chini ya kibanda, tukamwaga maji ya moto na majivu kwenye sakafu ya mzee, tukaufunga mlango. Mama mkwe alimwambia mzee kwa heri mlangoni. Mimi nilipata homa mara ya tano, ndogo, ya siku mbili, na Seche hakupata tena. Kama ni kwa sababu tulihama, au homa ilijichokea yenyewe, sijui, na sitadai sifa ambayo nimewanyima wengine. Ila nakuambia uhame.

Baada ya mavuno Mwalimu Danieli alituita mmoja mmoja kutuuliza maswali ya ubatizo. Aliponifikia aliuliza, "Umewakataa milungu?"

Nikamwambia, "Kwa ajili yangu, ndiyo. Mtoto nilimpeleka." Sikutaka kuingia majini na jambo hilo mdomoni, tena mdomo wenyewe ulikuwa bado haujanyooka.

Alisikitika. Nilimwona anasikitika. Alifunga daftari akasema nitasubiri msimu mwingine. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama mkwe kwa kifupi, nikalala nikaelekea ukutani mchana kweupe, kitu ambacho mwanamke mzima hafanyi.

Alfajiri mama mkwe alivaa vizuri, akamfunga Seche mgongoni, akaniambia, "Twende." Hakuwahi kukanyaga misheni. Tulimkuta Mwalimu akifagia mbele ya darasa.

"Wewe ni mwana wa hapa hapa," alimwambia, "kwa hiyo nitasema mara moja. Huyu mtoto nilimbeba mimi. Pale kaburini sikumwita mzee. Niliweka unga chini nikamwambia, mume wangu, leo sikuja kwako, nimekuja kukaa tu, kwa sababu sijui mahali pengine pa kuombea. Kisha nikamwita Mulungu. Mmoja. Huyo wenu."

Mwalimu alishika fagio kwa mikono miwili. "Kwa nini, mama?"

"Bibi alikuja nyumbani kwangu akawaita wangu. Ningefanyaje? Na mimi nikamwita wake."

Mwalimu alinitazama. Alielewa papo hapo Bibi alisema nini, na alielewa kwamba mimi nilielewa nikanyamaza. Nilijisikia vibaya kuliko siku yoyote ya homa. Angeweza kumweleza mama mkwe kwamba ulikuwa ulimi tu. Alisema, "Asante, mama," akaendelea kufagia. Msimu wangu wa kusubiri hakuuondoa, na sikumlaumu.

Nilibatizwa mwaka uliofuata, uwele ukiwa umeshaingia ghalani. Mama mkwe alikuja, akakaa nje kwenye kizingiti na Seche, maana alisema ndani kuna joto. Bibi alisimama kuomba. Alikuwa na furaha, na akifurahi ulimi wake ulikuwa mbaya zaidi. "Enyi milungu," alianza.

Kutoka kizingitini ilisikika sauti ya taratibu, ile ambayo mtu humsahihishia mtoto anayejifunza kusema: "Mulungu, mwanangu. Ni mmoja."

Bibi alisema, "Mulungu," akaendelea.

Njiani kurudi nilitembea nyuma ya mama mkwe muda mrefu kabla sijapata nguvu za kuuliza. "Mama, siku ile ya mvua, ulijua amekosea?"

"Nimezaliwa na lugha hii," alisema bila kugeuka. "Nilikuwa nimeshafunga mzigo, na nimesema maneno ambayo siwezi kuyarudisha, na wewe unakufa mle ndani. Nilikuwa natafuta sababu ya kukuletea maziwa."

Alimhamisha Seche bega la pili, maana alikuwa ameshakuwa mzito, nami nikanyoosha mikono kumpokea.